Manowari ya deraya inakusumbua kwenye gemu? Dalili, sababu na cha kufanya

Umechoma hela, umesubiri raundi kibao bandari imalize kujenga, limetoka lidude zito la chuma la kutisha, alafu vita vya kwanza tu vimeli vya mbao vinalipiga chenga mpaka unajiuliza hivi nimenunua nini. Hii kesi ni ya kawaida sana. Mtu anaona namba ya ulinzi kwenye kadi ya meli, anaona ni kubwa kuliko chochote kilichopo baharini, anadhani kazi imeisha, kumbe ile ni namba moja tu kati ya tano sita na hizo zilizobaki ndo zinazokuua.

Ninazozungumzia hapa ni manowari za deraya, zile za mvuke zenye mabamba ya chuma ubavuni, kwenye gemu yoyote ya mikakati inayogusa miaka ya 1850 mpaka 1880 hivi. Iwe ya raundi tupu kama Civilization V na VI, iwe ya ramani ya raundi lakini vita vyenyewe unavicheza laivu kama Fall of the Samurai. Namba za kila gemu ni tofauti na apdeti zinazibadilisha kila mara, kwa hiyo sitakariri takwimu za kadi, nitakupa sababu. Na sababu nyingi watengenezaji wamezichota moja kwa moja kwenye historia, ndo maana nitakuwa narudi sana kwenye vita vya kweli, ukijua meli halisi ilishindwa wapi unajua na ya kwenye skrini itashindwa wapi.

Kabla hujaruka kwenye dalili yako, jambo moja. Karibu matatizo yote haya yana mzizi mmoja: meli imepewa kazi ya kukimbiza. Deraya ni ya kuendea kitu kisichoweza kuondoka. Bandari, ngome, mlango wa mto, meli iliyotia nanga, meli inayolazimika kubaki pale kwa sababu inalinda kitu. Basi. Ukiona unasumbuka jiulize kwanza, hivi ninachokifuata kinaweza kuondoka? Kama kinaweza, acha.

Dalili ya kwanza: adui anakimbia tu, simfikii mtu

Spidi, na hilo wengi wanalijua, ila wanadhani dawa ni kuongeza deraya nyingine mbili ili wamzunguke. Haisaidii, wazee watatu wakimkimbiza kijana bado ni wazee watatu.

Cheki CSS Virginia, deraya ya Kusini kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani. Ilijengwa juu ya mabaki ya meli ya mvuke Merrimack iliyokuwa imechomwa na kuzamishwa, na injini zake zilikuwa kimeo hata kabla hazijalala chini ya maji, sasa ukiweka na uzito wa chuma juu yake ikawa inatembea maili za bahari 5 au 6 kwa saa na kuigeuza ni nusu saa na zaidi. Hiyohiyo meli tarehe 8 Machi 1862 pale Hampton Roads ikaizamisha Cumberland kwa kuigonga na ikaiteketeza Congress, zote meli za Kaskazini, mchana mmoja. Iliwezaje na spidi ile? Zote mbili zilikuwa meli za tanga tupu, hazina injini, na zilikuwa zimetia nanga. Hazikuwa na pa kwenda.

Sasa kwenye vita vya laivu usimfuate anayekimbia. Angalia adui ana nini ambacho hawezi kukiacha: meli zake za mizigo, bandari yake, bendera yake. Peleka deraya huko moja kwa moja, polepole, kwa mstari ulionyooka, na meli zako nyepesi ziweke pembeni na nyuma kidogo zifanye kazi ya kusukuma. Adui akija kuzuia ndo umempata, asipokuja umechukua bandari. Njia zote mbili ni zako.

Kwenye ramani ya raundi ni vilevile, usizunguke nayo bahari nzima, iegeshe kwenye mlango wa bahari au mdomo wa ghuba ambapo kila kitu lazima kipite. Na ukicheza Civilization V kuna kitu wengi hawakisomi kwenye kadi, deraya ya mle inatembea mara mbili kwenye maji ya pwani, lakini ukiitoa bahari kuu inakuwa ya kujikokota, kwa hiyo kama unavuka bahari na unalalamika haifiki, hebu tafuta njia inayoambaa pwani hata kama kwenye ramani inaonekana ndefu.

Ila msiweke deraya zote kapu moja. HMS Warrior ya Uingereza, iliyoshushwa majini mwaka 1860, ilikuwa inafikia maili za bahari 14 kwa saa huku ikiwa na chuma cha milimita 114 kilichoegemezwa kwenye mbao za msaji zenye unene wa kama milimita 457. Hiyo ni deraya ya bahari kuu, tofauti kabisa na zile za mitoni na bandarini. Gemu nzuri zinatenganisha hizi aina mbili, na kabla hujalaumu meli hakikisha unajua uliyonayo ni ipi.

Dalili ya pili: napiga, napiga, uhai wa deraya ya adui haushuki

Hii ndo inayokatisha watu tamaa kuliko zote. Deraya kwa deraya, zinasogeleana, zinabondana, dakika zinaenda, mizinga inaunguruma, hakuna kinachotokea. Wengine wanadhani gemu ina bagi. Haina bagi, ndivyo ilivyokuwa. Siku iliyofuata palepale Hampton Roads, tarehe 9 Machi 1862, Virginia na Monitor, deraya ya Kaskazini, zilipigana kama saa nne na hakuna iliyozama.

Kwanini? Sababu zipo na zote zinatibika. Virginia ilikuja imebeba zaidi makombora ya kulipuka kwa sababu ilitegemea kukuta meli za mbao, kombora la kulipuka likigonga bamba la chuma linapasuka nje huko. Monitor nayo ilikuwa na mizinga miwili mikubwa ya inchi 11 ila amri ilikuwa itumie baruti kidogo, ratili 15 tu, kwa hofu ya mzinga kupasuka. Yaani mmoja amebeba risasi sizo, mwingine anapiga nusu nguvu.

Kwa hiyo cha kwanza kabisa angalia risasi. Gemu nyingi zikianza vita zinakuwekea risasi ya kawaida na hazikwambii chochote, hiyo ya kutoboa deraya ama unaibofya mwenyewe ama hujaifanyia hata utafiti. Kwenye Fall of the Samurai lazima teknolojia yake uifungue kwanza. Kama hujaifungua, usitafute vita na deraya nyingine, nenda kawaonee wa mbao, hakuna aibu.

Cha pili ni umbali. Kwenye renji ya mwisho kabisa risasi inafika imechoka. Sogea, wewe una chuma, hofu ya nini? Juni 1863 kule Georgia, Weehawken ya Kaskazini yenye mzinga wa inchi 15 ilikutana na Atlanta ya Kusini, ikasogea karibu, ikapiga risasi tano, nne zikapata, Atlanta ikashusha bendera. Tano tu. Ni kweli Atlanta ilikuwa imepanda fungu la mchanga na haikuweza kujigeuza, lakini hilo ndo somo lenyewe, mzinga mkubwa, karibu, kwa mtu aliyekwama.

Cha tatu, na hiki ndo watu hawakigusi kabisa: acha kupiga ubavu. Ubavu ndo penye chuma kinene. Piga nyuma, tezi, kwenye usukani. Piga dohani. CSS Tennessee ya Kusini pale Mobile Bay tarehe 5 Agosti 1864 ilipigana na kikosi kizima cha Admirali Farragut wa Kaskazini, ilizungukwa, ikagongwa, ikachapwa kila upande, na kilichoimaliza si kwamba ilitobolewa ikazama, hapana, minyororo ya usukani ilipita juu ya sitaha bila kinga, ikakatwa na risasi, na dohani likang'oka. Haigeuki, boila hazipati hewa, moshi unajaa ndani. Ikajisalimisha. Admirali aliyekuwa juu yake alikuwa Franklin Buchanan, yuleyule aliyekuwa juu ya Virginia siku ile anawaonea waliotia nanga, safari hii yeye ndo akawa asiyeweza kuondoka.

Kama gemu yako inakuruhusu kushika mzinga mwenyewe, hapa ndo pa kuushika. Kompyuta huwa inalenga katikati ya meli, yaani palepale pagumu. Kama hairuhusu, basi tumia mkao: deraya yako moja imshike mbele, nyingine au hata meli ya mbao yenye mzinga mzuri ipitie nyuma yake. Na moto wote uelekeze kwa mmoja mpaka aondoke kwenye hesabu ndo uhamie kwa mwingine, usiwagawie wote kidogo kidogo kama unatoa sadaka.

Dalili ya tatu: ilikuwa na uhai kamili, ghafla haipo

Hapa mtu anakuja na hasira. "Ilikuwa mia kwa mia, nimeangalia pembeni kidogo, nimerudi haipo." Ndiyo. Chuma kiko ubavuni juu ya maji. Chini ya maji hakuna kitu, ni ubao tu au bati jembamba.

Mabomu ya kutegwa majini kwanza. USS Cairo, deraya ya mtoni, ilizama Desemba 1862 kwenye mto Yazoo ndani ya kama dakika 12. Tecumseh, deraya nyingine ya Kaskazini, iligonga bomu la majini mwanzoni tu mwa vita vya Mobile Bay ikaenda chini na karibu mabaharia wake wote. Kwenye gemu, ukiona adui ana mlango mwembamba wa bandari na hajaweka meli hata moja kulinda, hiyo siyo zawadi. Tanguliza kitu cha bei rahisi.

Pili ni vimashua vya topido. Usiku wa Oktoba 1864, Luteni Cushing wa Kaskazini aliingia mto Roanoke na kimashua kidogo cha mvuke chenye bomu kwenye ncha ya mti mrefu, akaipasua CSS Albemarle, deraya ya Kusini, ikiwa imefungwa gatini, tena imezungushiwa magogo ya kuikinga. Kimashua! Ndo maana kwenye gemu deraya inapoteza kwa kitu kinachogharimu sehemu ndogo sana ya bei yake, na wala sio uonevu. Mizinga mikubwa inachelewa kujaza na kugeuka, kitu kidogo chenye mbio kikishaingia chini ya pembe ya mizinga hupati nafasi ya pili. Dawa ni wasindikizaji. Meli mbili tatu ndogo zenye mizinga mingi myepesi, zikae karibu kabisa, kazi yao iwe moja tu, kufukuza vimashua. Usizitume mbele kupigana. Wengi wananunua deraya kwa kuuza vimeli vyao vidogo vyote ili bajeti itoshe, hapo umejichimbia mwenyewe.

Tatu ni kugongwa. Kwenye vita vya Lissa, Julai 1866, Re d'Italia ya Italia iliharibika usukani, ikasimama, Tegetthoff wa Austria akaipeleka Ferdinand Max ikaitia pembe ubavuni na ndani ya dakika chache tu meli ikazama. Angalia tena mpangilio: usukani kwanza, kugonga baadaye. Watu wanajaribu kugonga meli inayotembea, wanakosa, wanageuka kwa shida, wanapigwa tezi, wanakuja kulalamika. Kugonga ni hatua ya mwisho, ya kummalizia aliyesimama.

Na ipo ya nne, dhoruba, kama gemu yako inayo. Monitor yenyewe, ile maarufu, haikuzamishwa na adui, ilizama tarehe 31 Desemba 1862 karibu na Cape Hatteras ikiwa inavutwa na meli nyingine. Deraya za aina yake sitaha iko karibu sawa na maji, mawimbi yanapanda juu. Ukiona kwenye ramani inapungua uhai kila raundi na hakuna anayeipiga, hiyo ndo sababu, iko maji yasiyo yake.

Dalili ya nne: inakwama, au kuna sehemu haiingii kabisa

Kina cha maji. Virginia ilihitaji kama mita 6.7 za maji, Monitor kama mita 3.2 tu. Siku ile ya kwanza pale Hampton Roads, Minnesota ya Kaskazini ilikuwa imekwama kwenye fungu, nyama ya bure kabisa, na Virginia haikuweza kuisogelea vizuri kwa sababu na yenyewe ingekwama. Miezi miwili baadaye Kusini wakaiacha bandari ya Norfolk, na meli yao Virginia ikashindwa kupanda mto James kwenda Richmond kwa ule uzito wake, na mabaharia wake wakailipua wenyewe tarehe 11 Mei 1862. Meli iliyotisha nchi nzima imemalizwa na maji mafupi.

Mfano mwingine ninaoupenda zaidi, kwa sababu unaunganisha na dalili ya kwanza. Mei 1879, vita vya Peru na Chile, deraya ya Peru iitwayo Independencia inaikimbiza Covadonga, kimeli kidogo cha mbao cha Chile. Covadonga inaambaa na ufuko makusudi, karibu kabisa na miamba. Independencia inafuata, inataka kuigonga, ikapanda mwamba pale Punta Gruesa na ikaishia hapo. Peru ilikuwa na deraya mbili za maana, ikabaki na moja. Kompyuta kwenye gemu kadhaa inakufanyia hivihivi bila hata kukusudia, kimeli chake kinakimbilia pwani kwa sababu kinatafuta njia fupi, na wewe umebofya "shambulia" ukaenda kufanya mambo mengine, meli yako inafuata kama kipofu.

Usibofye shambulia karibu na pwani. Iongoze kwa pointi, mwenyewe. Na kwa mitoni jenga za mitoni, zile za aina ya Cairo zilihitaji chini ya mita 2 za maji, zilikuwa zimeundwa kwa ajili hiyo. Moja ya bahari kuu haiwezi kufanya kazi hiyo hata uiombe.

Dalili ya tano: ngome inanimaliza

Au mji hauanguki, ni ileile. Kwanza kwa wachezaji wa Civilization VI maana nyie ndo mnauliza sana: deraya ya mle ni meli ya kushambulia kwa kugusana, haipigi kwa mbali. Anayepiga kwa mbali ni frigeti. Kwa hiyo ukipeleka deraya tupu kwenye mji wenye kuta utakuwa unajigonga ukutani na kuumia kila raundi. Peleka frigeti zishushe kuta na uhai wa mji, deraya isimame mbele ipokee vipigo na raundi ya mwisho ndo iingie kuchukua mji, kwa sababu frigeti haiwezi kuchukua mji na deraya inaweza. Zinategemeana hizo.

Kwa gemu za laivu mambo ni mazito kidogo. Ngome haizami, haichoki, na ina mizinga mingi kuliko wewe. Tarehe 7 Aprili 1863 Admirali Du Pont wa Kaskazini alipeleka deraya tisa kwenye bandari ya Charleston ya Kusini. Tisa! Ngome zilipiga risasi zaidi ya 2,000, zile deraya zote kwa pamoja hazikufika 160, kwa sababu mizinga mikubwa inachukua muda mrefu mno kujazwa. Keokuk ilipigwa kama mara 90 na ikazama kesho yake asubuhi. Ukiona hiyo hesabu unaelewa kwanini deraya zako zinayeyuka taratibu mbele ya ngome hata kama kila risasi moja moja haifanyi kitu.

Lakini mbona Kinburn iliwezekana? Oktoba 1855, vita vya Crimea, Wafaransa walileta betri tatu zinazoelea, yaani majukwaa ya mizinga, zenye deraya, Dévastation, Lave na Tonnante, zikatia nanga mbele ya ngome ya Warusi, na ndani ya saa chache ngome ikasalimu amri. Tofauti ni nini? Ngome ilikuwa ya zamani, mizinga yake haikuwa ya kutoboa chuma, na zile betri hazikuwa peke yake, kundi zima la meli lilikuwa linapiga toka pande nyingine. Kwa hiyo kabla ya kusogea angalia ngome ina mizinga ya kizazi gani, na je una wa kugawana nao moto?

Angalia pia urefu. Mei 1862 pale Drewry's Bluff ngome ilikuwa juu ya kilima kando ya mto, Monitor ikashindwa kuinua mizinga yake kufikia kule juu na Galena, mwenzake wa Kaskazini, ikatobolewa vibaya na risasi zilizotoka juu kwenda chini. Gemu zinazohesabu pembe zinafanya hivyohivyo, sitaha ina chuma chembamba kuliko ubavu. Ngome ya kilimani ipigie mbali au shusha wanajeshi pembeni wakaichukue kwa miguu. Na hapo ndo kwenye Fall of the Samurai deraya inakuwa dhahabu: iegeshe pwani ambapo jeshi lako litapigana ndani ya renji yake, na kwenye vita vya nchi kavu unapata kuita makombora ya majini. Watu wanamaliza kampeni nzima hawajakibonyeza kile kitufe.

Dalili ya sita: hela na makaa vinaisha

Fupi tu. Kwenye Civilization VI yenye upanuzi wa Gathering Storm kila deraya inakula makaa ya mawe kila raundi, si wakati wa kujenga tu. Ukijenga tano kwa mpigo na una mgodi mmoja, ghala linakauka na nguvu ya meli inashuka, alafu unashangaa mbona zinapigwa na makaraveli, meli za tanga za zamani. Hesabu makaa yanayoingia kwa raundi kwanza, ndo uamue idadi. Ukiwa na karaveli za zamani zipandishe daraja badala ya kujenga upya, unatunza na uzoefu wao.

Na usiifanye ipigane mbali na kwako kwa muda mrefu. Gemu nyingi haziruhusu meli kujitibu ikiwa maji ya watu, lazima irudi nyumbani, na kwa spidi ile kurudi na kwenda ni raundi nyingi za kulipa gharama bure. Teka bandari ndogo ya karibu na uwanja wa vita kabla ya kuanza vita vikubwa, hata kama haina faida nyingine yoyote.

Dalili ya saba: nikimwachia kompyuta apigane napoteza

Mahesabu ya oto huwa yanaangalia idadi na jumla ya nguvu, hayajui kuwa una risasi ya kutoboa na mwenzio hana. Wakati mwingine yanakupendelea, wakati mwingine yanakuumiza. Kanuni yangu: deraya dhidi ya mbao tupu, acha oto. Kukiwa na hata kimashua kimoja cha topido upande wa pili, cheza mwenyewe.

Dalili ya nane: moja ilikuwa inatisha, sasa hivi inapigwa na kila mtu

Huáscar ya Peru ilisumbua pwani nzima ya Chile kwa miezi mwaka 1879 ikiwa karibu peke yake, mpaka tarehe 8 Oktoba pale Angamos ilipobanwa na Cochrane na Blanco Encalada, deraya mbili mpya zaidi zenye chuma kinene, na ikatekwa. Ndo maisha ya hizi meli, La Gloire ya Ufaransa ilishushwa majini 1859 na ndani ya miaka michache tu tayari ilikuwa ya kizamani. Kwenye gemu dirisha lako ni fupi: toka unapopata teknolojia mpaka jirani apate. Ukishaona kwenye ripoti jirani naye ana deraya, yako ya zamani itoe mstari wa mbele, ipeleke ikalinde bandari ya nyumbani pamoja na mizinga ya ufukweni, au kama gemu inaruhusu ipandishe daraja.

Na hata ikiwa gatini iwekee ulinzi. Mei 1869, vita vya Boshin, vya wenyewe kwa wenyewe kule Japani, Kōtetsu ya serikali ya mfalme wa Japani, deraya iliyojengwa Bordeaux, ilikuwa imetulia kwenye ghuba ya Miyako, mara Kaiten ya waasi ikaingia na bendera ya Marekani, ikaishusha dakika ya mwisho, ikaigonga na watu wakaanza kurukia ndani waiteke mzima mzima. Kilichoiokoa ni bunduki ya Gatling, ya kumwaga risasi mfululizo, iliyokuwa kwenye sitaha. Kama gemu yako inaruhusu kuteka meli kwa kuipanda, yenye mabaharia wachache ndo iko hatarini, kwa hiyo deraya iliyotoka vitani na watu pungufu ijaze watu kwanza, chuma utaziba baadaye.